Boneti ya Mkunga

Kama umewahi kuishi karibu na gereji, unajua kwamba fundi wa bodi hajifichi. Kabla hujamwona umeshamsikia. Huyu wetu walimwita Nyundo, na kwa miaka thelathini na ushei mtaa mzima uliamka kwa mlio wake, akinyoosha mlango wa huyu na bampa ya yule. Watoto wachanga walilala kelele zile zikiendelea na wakaamka akinyamaza. Gari liletwe limebonyea namna gani, atalirudishia sura yake mpaka mwenye gari mwenyewe asahau aligongea wapi.

Kisha bega likamsaliti. Bega la kulia, lile lile la kazi. Lilianza kwa kuuma, likaendelea kwa kugoma, mwisho mkono ukawa haupandi juu ya kifua hata kwa kubembelezwa. Daktari alitazama picha akamwambia waziwazi: mazoezi utafanya, maumivu yatapungua, lakini nyundo basi. Nyundo akauliza basi mpaka lini. Daktari akasema basi ni basi.

Sasa, ana shemeji yake, kaka wa mkewe. Mtu mwema kweli, ila wema wake hauna breki. Hata wiki haijaisha akaja na habari njema: kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi anatafutwa mtu wa kukaa getini, aandike namba za magari yanayoingia na kutoka.

"Kazi ya kukaa tu, shemeji," alisema. "Kiti nimeshanunua, tena kina mto. Wewe fikiria mpaka mwisho wa mwezi, halafu unijibu."

Nyundo alishukuru, maana adabu ni adabu. Lakini alipobaki peke yake moyo ulimuuma kuliko bega. Si kwamba kazi ya getini ni mbaya; anayedharau riziki ya mwenzake njaa itamfunza. Ni kwamba tangu akiwa na miaka kumi na tisa watu walimwita fundi, na hakujua kuitikia kitu kingine. Aliona wazi kwamba akikikalia kile kiti hainuki tena, na ufundi wake utakuwa hadithi ya kuwasimulia madereva wa malori wasiosikiliza.

Bahati ilimkuta kwenye benchi la hospitali, akisubiri zamu yake ya mazoezi. Aliyenyoosha magari ya watu maisha yake yote, leo yeye ndiye wa kunyooshwa. Pembeni yake alikaa bwana mmoja mwenye mguu wa plasta, anatazama simu. Kwenye simu mtu alikuwa jikoni kwake, anatandika kitambaa cheusi chenye kung'aa, anakipaka gundi, anakifunika kwa plastiki. Mara akaonekana ananyanyua boneti ya gari, boneti nzima, kwa vidole viwili.

"Rudisha hapo," Nyundo alisema, kana kwamba simu ni yake.

Yule bwana akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu akacheka. "Hiyo ni kaboni faiba, mzee. Nyepesi kuliko bati, ngumu kama bati, na kutu haiijui."

"Na nyundo anaitumia wapi?"

"Nyundo ya nini?"

Siku hiyo Nyundo alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeokota kitu. Kwa wiki nzima hakubanduka kwenye simu. Waliofundisha walizungumza lugha asizozijua, basi akazima sauti akawa anatazama mikono tu, kwa sababu mikono alikuwa anaielewa. Alijifunza kwamba kwanza unatengeneza kalibu, yaani umbo la kuigizia. Unaipaka nta ili kitu kisigande. Unatandika kitambaa, unakinywesha gundi nzito kama asali iliyochanganywa na dawa yake ya kuigandisha, unafunika kwa plastiki, unafyonza hewa kwa pampu, unasubiri. Akaona mambo si ndiyo hayo? Mepesi kabisa.

Kuona si kutenda. Mara ya kwanza alichanganya gundi nyingi kwenye jagi la plastiki la mkewe, akaliacha juu ya meza uani huku akitafuta brashi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba gundi hiyo ikirundikana hupata joto yenyewe. Aliporudi jagi lilikuwa limelala ubavu, linatoa moshi. Mkewe, ambaye wateja wanamwita Mama Sare kwa kuwa nusu ya watoto wa shule pale mtaani wanavaa sare alizoshona yeye, alitoka na futi ya kupimia shingoni, akalitazama jagi, akamtazama mume.

"Baba watoto, hilo ndilo gari?"

Mara ya pili alitengeneza kifuniko cha kioo cha pembeni, kidogo tu, cha kujifunzia. Kikaganda vizuri, ila kikang'ang'ania kalibu. Hapa ndipo tabia ya mtu inapoonekana. Nyundo alisubiri kidogo, akavuta, akasubiri kidogo zaidi, mwisho akaingia bandani, akatoka na nyundo mkono wa kushoto, akaipiga kalibu pigo moja tu la kuitia hofu. Kalibu ikapasuka vipande viwili na kifuniko vitatu. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Wakati huo ndipo mkunga alipokuja na gari lake. Mkunga mstaafu huyu ana miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka, na anaendesha gari dogo la zamani ambalo wenye kiwanda walishaacha kulitengeneza. Boneti ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaiona injini kupitia matundu, na siku hizi ilifungwa kwa kamba. Ukaguzi wa magari ulikuwa umebaki siku kumi na sita. Wakiiona ile kamba, gari halirudi barabarani.

"Boneti yake haipatikani, nimetafuta mpaka nimechoka," alisema. "Nasikia sasa unazishona."

"Mama, sitakudanganya. Najifunza. Mpaka leo nimefanikiwa kuharibu jagi na kifuniko cha kioo."

Mkunga akaketi kwenye kigoda cha uani kama mwenye nyumba. "Unajua wewe ndiye mtoto wa kwanza niliyempokea peke yangu? Nilikuwa na wiki moja kazini, daktari hayupo. Mama yako hakuniuliza nimeshapokea wangapi. Tengeneza boneti, baba."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nyundo alipokea ufunguo. Mwisho wa mwezi na siku ya ukaguzi zilikuwa zinafuatana, ukaguzi Ijumaa, jibu la shemeji Jumamosi. Akajiambia moyoni kwamba boneti ikikubali yeye ni fundi, ikikataa anakwenda getini, na hatalalamika. Usiku ule alimweleza mkewe hivyo hivyo. Mama Sare akaendelea kukata uzi.

Kalibu ilimchukua siku sita, na kwa kweli ilikuwa kazi tamu. Aliziba matundu ya boneti ya zamani, akaipiga msasa, akaipitishia kiganja huku amefumba macho kama alivyofanya miaka yote, maana kiganja chake kilikuwa kinaona bonde ambalo jicho linaliruka. Kisha akaifunika kwa faiba ya kawaida, ile ya matangi ya maji, ikakauka, akaibandua. Ilikuwa kalibu safi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kupata akili.

Kitambaa cha kaboni alikituma binti yao wa kwanza kutoka mji anakofanya kazi. Kilikuja kimeviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu, cheusi, kimesukwa kama mkeka mwembamba sana. Mama Sare alikishika mara moja tu akajua ni kitambaa cha heshima. Asubuhi iliyofuata Nyundo akaenda hospitali kwa mazoezi yake, akamwacha mkewe anakitazama.

Aliporudi alikuta kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya meza ya cherehani, kimepigwa pasi, kinanukia.

"Nimekulowekea hicho," mkewe alisema. "Kimelala kwenye beseni la sabuni laini, nikakisuuza, nikakitia ile dawa ya kulainisha nguo, nikakianika kivulini. Sehemu kubwa tu, beseni halikutosha chote."

Msomaji, usicheke bado. Kila mshonaji anajua kitambaa kipya hakikatwi kabla ya kulowekwa, la sivyo utashona gauni la mama na likifuliwa mara moja linakuwa la mtoto. Mama Sare alifanya wema, na kwa ufundi wake alifanya sawasawa. Na Nyundo? Nyundo alikipapasa kile kitambaa laini, akanusa, akasema, "Ahsante, mke wangu. Hilo mimi nisingelikumbuka."

Wakatandika wote kwa furaha. Alichanganya gundi kidogo kidogo, akanywesha, akafunika plastiki. Pampu ilikuwa mtambo wa friji bovu alioomba kwa jirani fundi wa friji, ikaunguruma uani mchana kutwa. Kesho yake wakabandua boneti. Ilikuwa inang'aa. Nyundo akaigonga kwa kidole, kama anavyogonga bati, na sauti iliyotoka ikamwondolea tabasamu. Ilikuwa sauti ya kitu kilichoachana ndani. Akaingiza kucha pembeni, akavuta, na tabaka la juu likatoka lote, taratibu, kama ganda la kitunguu. Likafuata la pili.

Ni Mama Sare aliyejua kwanza. Alikwenda ndani, akaleta chupa ya dawa ya kulainisha nguo, akajipaka kidogo kati ya vidole viwili, akavisugua. Vikateleza.

"Inaufunika uzi," alisema polepole. "Ndiyo maana nguo inakuwa laini. Gundi yako haikugusa uzi hata kidogo. Imeshika dawa yangu."

Nyundo alikasirika, nisimfiche. Alisema kwamba kuna watu hawawezi kuona kitu bila kukifua. Mama Sare akajibu kwamba kuna watu waliambiwa kimefuliwa wakasema ahsante. Nyundo akatoka akazunguka mtaa mara mbili, na aliporudi hasira ilikuwa imekwisha, kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Aliketi kizingitini akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie kaka yako nitakuja."

Mama Sare alisikia sauti ile akaogopa. Walikuwa wameoana miaka ishirini na saba na hakuwahi kuisikia. Mume akigomba alimzoea. Huyu aliyenyamaza hivi hakumjua.

"Kimebaki kitambaa ambacho hakikuingia beseni," alisema.

"Hakitoshi. Nimepima. Tena siku zimebaki tano."

"Umepima wewe. Mimi sijapima."

Akaondoa sare zote mezani, akatandika magazeti ya zamani juu ya kalibu, akayakata kufuata mikunjo, akaandika namba kila kipande. Kisha akaanza kuyapanga juu ya kitambaa, anageuza hiki, anasogeza kile, anayabana kama abiria. Lakini vingine alivilaza mshazari, kona ikitazama kona, na Nyundo akaona hiyo sasa ni kupoteza.

"Kwenye pua ya boneti mara ile kitambaa kilifanya nini?" mkewe alimuuliza.

"Kilikunjana. Nikakivuta."

"Ulikivuta kwa nyuzi zilizonyooka, kitakusikiliza vipi? Unadhani kola ya shati inageuka shingoni kwa nguvu? Inakatwa mshazari, baba watoto. Ukiilaza hivi, nyuzi zenyewe zinapishana na inafuata mviringo." Akachukua kipande, akakiweka kwenye pua ya kalibu, akakipitishia kiganja mara moja. Kikalala pale bila mkunjo.

Nyundo alitazama pua ile, akautazama mkono wa mkewe. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akitania kwamba sindano haijawahi kumtoa mtu jasho, kwamba kazi ya kweli ni ile inayosikika mtaa wa pili. Aliona aibu, ikampanda mpaka masikioni. Naye akafanya jambo ambalo wanaume wengi wa umri wake hawaliwezi. Alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza, akasema, "Nifundishe kukata."

Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alibana mkasi kama koleo, mstari ukaenda upogo kwenye gazeti, na Mama Sare alimpiga kofi la mkono mara mbili. "Usikivute," alimwambia tena na tena. "Kitambaa hakivutwi, kinasindikizwa." Kitambaa chenyewe alikikata yeye, lakini kukilaza walilaza pamoja. Mwanamke alisindikiza, mume akafuata na brashi ya gundi. Kila pembe aliyoigusa kwa papara alisikia jina lake likitajwa kwa onyo.

Walipofunika plastiki na kuwasha pampu, hewa ikagoma kutoka. Mahali fulani palivuja. Mama Sare alitazama pembezoni zote asione kitu. Nyundo akamwomba azime redio, akainama, akatega sikio kando kando ya ile plastiki, taratibu. Miaka thelathini alisikiliza bati likimwambia limebonyea wapi. Kwenye kona ya nyuma akasimama, akabonyeza utepe wa kuzibia plastiki kwa kidole gumba. Plastiki ikajikaza juu ya boneti kama ngozi ya ngoma.

"Mimi sikusikia chochote," mkewe alisema, na alisema kwa kusifu.

Siku ya kubandua, boneti nayo iling'ang'ania kalibu. Nyundo alisimama, akashusha pumzi, na mkewe akamwona jicho linakwenda bandani.

"Thubutu," alimwambia.

Basi wakapenyeza mwiko wa plastiki pembeni, wakamimina maji ya uvuguvugu, wakasogeza mwiko kidogo, wakamimina tena. Ikachukua karibu asubuhi nzima. Mwisho kikasikika kishindo kidogo na boneti ikajiachia yenyewe. Nyundo akaigonga kwa kidole. Akaigonga katikati, akaigonga puani, akaigonga kila pembe, na kila mahali ilimjibu neno moja. Akaketi chini palepale uani, juu ya maji yaliyomwagika, akacheka mpaka jirani wa friji akachungulia ukutani kuuliza kuna nini.

Ijumaa walikwenda na mkunga kwenye ukaguzi, boneti imefungwa kwa bawaba za zamani na komeo la chuma lililogandishwa kwa ndani. Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Aliizunguka, akafunga, akafungua, akaitikisa, akajaribu komeo mara tano.

"Hii imenunuliwa wapi?"

"Haikununuliwa," mkunga alisema. "Imezaliwa hapa hapa mtaani."

Mkaguzi akatabasamu, akatoa fomu. Kulikuwa na mstari mmoja wa sehemu iliyobadilishwa, na chini yake mstari wa jina la fundi aliyeitengeneza. Akampa Nyundo kalamu. Mwezi mzima hakuwa ametaka kitu kingine duniani ila mtu amwambie aandike hapo. Akainama, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikitetemeka, jina kamili la mkewe, lile la kuzaliwa ambalo hata wateja hawalijui.

Mama Sare akalisoma. Macho yakamjaa maji, akajifanya anatafuta leso kwenye mkoba.

"Na wewe uko wapi hapa?"

"Mimi bado najifunza."

"Acha hayo." Akamnyang'anya kalamu, akalibana jina la mume pembeni ya lake, kwa herufi ndogo zilizonyooka kama mshono. "Bampa ya mkunga nayo imeoza. Nani atanisikilizia upepo?"

Mkaguzi akagonga muhuri juu ya majina yote mawili.

Jumamosi asubuhi shemeji alipiga simu ya dada yake. Mama Sare alikuwa amepiga magoti uani, mdomoni kabana vipande vya utepe, na mumewe upande wa pili wa bampa amelaza sikio kwenye plastiki, amefumba macho. Akautoa utepe mdomoni, akapokea kwa sauti ya chini.

"Kaka, shikamoo. Hawezi kuzungumza sasa hivi, yuko kazini."